Hesabu ya Saba

Saa mbili na nusu, mbele ya hoteli, nahesabu: saba.
Saba kutoka Praha, kofia mpya, viatu vya kupandia milima
ambayo Kisumu mjini haina.
Nafungua mwavuli wa manjano
ingawa mvua haijanuia lolote.
Mwavuli si wa mvua, ni wa macho yao.

Nawaonyesha stesheni, na nyasi zilivyojipatia kiti kati ya reli.
Nawaonyesha msikiti, hekalu, maduka ya kale
yenye jina la baba na wanawe juu ya mlango:
baba alikufa, wana wako Lesta,
jina limebaki likiuza misumari.
Natembea kinyumenyume, kama tulivyofundishwa,
visigino vikikumbuka kila shimo.

Chini ya mnara wa saa, nasimama.
Hapa karatasi ya kampuni ina mistari miwili tu,
na mistari miwili haishibishi mtu.
Basi nawatungia mlinzi.
Alipanda usiku, nawaambia, na kikopo cha mafuta na unyoya wa kuku
kuilainisha mishale,
na usiku mmoja, mkewe akiwa katika uchungu,
aliisimamisha saa robo nzima
ili mtoto aiwahi Jumapili.
Wanacheka, wanapiga picha.
Mmoja hacheki: Bohumil, mzee mwenye fimbo.
Ananitazama viatu, kisha mwavuli,
kisha midomo yangu ikihesabu.

Saa saba, ufuoni.
Samaki wanaletwa wazima, macho wazi,
nyanya na kitunguu bado vinabishana na mafuta.
Mama Nyagoro anauliza: uma au mkono?
Wawili wanajaribu mkono.
Mama mmoja anamnong'onezea samaki wake jambo,
nadhani anamwomba radhi.
Nahesabu: sita.
Naanza upya, kutoka upande wa ziwa: sita.
Moyo unashuka hadi kwenye soksi.
Chooni hayupo. Kwenye mashua hayupo.
Nawaza kiboko, nawaza mafunjo, nawaza
ripoti nitaiandika kwa kalamu ya nani.

Nampata nyuma ya jiko.
Amekalia kreti ya soda, ubavuni mwa Wesonga dereva,
sinia moja, ugali na omena,
hawana lugha ya pamoja ila pilipili.
"Miaka thelathini na mmoja," ananiambia,
kwa Kiingereza cha kuchongachonga kama changu,
"nilishika mwavuli kwetu. Wangu ulikuwa mwekundu.
Wageni walikula bata mbele. Mimi na madereva,
nyuma, supu na mkate.
Nyuma ndiko chakula huwa moto."
Anasogea. Kreti inanitosha nusu.

Halafu ananikosoa, mdomo umejaa:
wageni wasilitazame jua, simama wewe ulitazame.
Halafu: "Yule mlinzi wako. Anaitwa nani?"

Naangalia omena. Omena wananiangalia.

"Mpe jina," anasema, akilamba kidole.
"Mimi nilikuwa na seremala wa daraja.
Nilimtunga siku ya baridi, basi limechelewa,
watu wananuna. Mwaka wa tatu nikampa jina.
Sasa kuna bibi mtaani kwetu
anaapa seremala yule kazikwa karibu na shangazi yake."
Wesonga anacheka, ingawa hajaelewa hata neno,
na kunisukumia tonge la mwisho.

Saa kumi na moja, hotelini: saba.
Nafunga mwavuli. Bohumil ananipa mkono tu, bahasha hakuna,
lakini mkono wenyewe unakawia.

Narudi nyumbani kwa miguu, giza likiingia.
Chini ya mnara naona mpiga rangi viatu
akipanga brashi zake sandukuni.
Nainua uso juu, kwenye mishale.
"Odek," nasema kwa sauti, kujaribu tu, "mtoto hajambo?"

Mpiga rangi anageuka.
"Odek yupi? Yule wa Nyalenda?"

"Huyo huyo," nasema.